Bonasi ya Chai na Shukrani ya Nyumba: Somo kutoka Merigi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mama zetu na dada zetu, kila alfajiri katika nyumba za pwani, tangu Lamu hadi Vanga, birika huwekwa jikoni na majani ya chai hutiwa kabla jua halijachomoza. Twanywa na mahamri, twanywa na mkate wa mofa, na mgeni hatoki bila ya kikombe. Lakini ni nadra mtu kuuliza: jani hili limetoka wapi, na ni mkono wa nani uliolichuma?

Sehemu kubwa hutoka nyanda za juu za Kericho na Bomet. Huko kuna mahali paitwapo Merigi, wadi katika eneo bunge la Bomet Mashariki. Ni nchi ya baridi na mvua, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyake vimevikwa chai na mahindi. Wenyeji wake wengi ni Wakipsigis na wengi wao ni Wakristo. Waislamu ni wachache: wafanyabiashara, walimu, watumishi wa serikali, wake walioolewa huko na wenyeji waliosilimu. Baadhi yao ni watoto wetu wa pwani, na kila mwaka unapofika mwezi wa Oktoba huulizana swali moja: bonasi imeingia, tuishukuru vipi neema hii?

Swali hilo si la Merigi pekee. Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na hadi leo chai ya Bomet na Kericho husafiri zaidi ya kilomita 700 kuja kuuzwa kwetu. Karani wa mnada, dereva wa lori, mchukuzi wa ghalani Shimanzi na mfanyakazi wa bandarini, wote wanakula katika jani lile lile. Chai hiyo huvuka bahari hadi Pakistan, iliyo mnunuzi wetu mkubwa kuliko wote, hadi Misri na kwengineko. Kwa hivyo mkono wa mwanamke anayechuma Merigi katika baridi ya asubuhi umeunganishwa na kikombe cha Muislamu wa Karachi, na katikati yake tumo sisi. Neema ikiwa ya wengi, adabu ya kuishukuru nayo ni ya wengi.

BONASI NI NINI

Wasomaji wa pwani huenda wasijue mkulima mdogo wa chai hulipwaje. Mkulima hupeleka majani mabichi katika kituo cha kununulia, yakapimwa na kuandikwa katika namba yake. Kiwanda chake, kwa mfano Kapkoros au Tirgaga huko Bomet, husimamiwa na shirika la KTDA lililoanzishwa mwaka 1964. Kila mwezi mkulima hupata malipo ya kwanza kwa kila kilo. Mwaka wa hesabu hufungwa mwisho wa Juni, na baada ya mauzo kujulikana na gharama kutolewa, hulipwa malipo ya pili, nayo ndiyo bonasi, aghalabu mwezi wa Oktoba.

Fedha hizo huja kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo mtihani ulipo. Aliyezoea kupokea kidogo kila mwezi huona fungu kubwa siku moja. Wauza vitanda, wauza simu na wauza pikipiki wanaujua msimu huo, hali kadhalika wenye baa. Jambo la pili ni kwamba bonasi haina dhamana. Viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa aghalabu hulipa chini ya vile vya upande wa Mlima Kenya, na hata katika kiwanda kimoja mwaka haufanani na mwaka. Anayekopa kwa kutegemea bonasi ya mwaka jana hujikuta Oktoba anagawa fedha ambazo hajazipata.

KUSHUKURU SI KUANZISHA IDI YA TATU

Kuna wazazi wanaouliza kuhusu sherehe ya shukrani ya Wamarekani, kwani watoto huiona katika simu, na jamaa walioko Minneapolis na Columbus huwatumia picha za meza zilizojaa. Si vibaya kuijua asili yake. Wamarekani huirejesha kwenye karamu ya mavuno ya mwaka 1621 huko Plymouth, baina ya walowezi wa Kiingereza na wenyeji wa kabila la Wampanoag. Rais Abraham Lincoln aliitangaza kuwa siku ya taifa mwaka 1863, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1941 sheria ikaiweka Alhamisi ya nne ya Novemba. Lakini tangu mwaka 1970 wako wenyeji wa asili wanaokusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza, kwa kuwa waliowakaribisha wageni ndio waliokuja kupokonywa ardhi.

Kwa watu wa nchi ya chai hadithi hiyo si ngeni. Mashamba makubwa ya Kericho yalipandwa juu ya ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis wakati wa ukoloni, na ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu kupelekwa Gwassi katika miaka ya 1930. Shukrani inayosahau haki ya mtu ni shukrani pungufu. Tulitie akilini jambo hili, kwani tutalirudia tutakapomzungumzia mwenye kuchuma.

Ama hukumu, sisi Waislamu tuna Idi mbili, na hatuna ruhusa ya kubuni ya tatu. Hatuwekei siku maalumu ibada ambayo sheria haikuiwekea siku. Lakini kukusanya jamaa, kupika chakula, kumhimidi Mwenyezi Mungu na kulisha jirani baada ya kupata riziki ni katika ada njema, na ada asili yake ni halali maadamu haina haramu ndani yake. Basi nyumba ichague siku iliyo rahisi kwake, Jumamosi au Jumapili watoto wakiwa likizo, bila ya kuitukuza tarehe wala kuiita sikukuu ya dini. Ikiwa mwaka huu ni Novemba na mwaka ujao ni Desemba, hakuna ubaya.

Shukrani yenyewe ina nguzo tatu, kama walivyotufundisha wanazuoni: moyo ukiri kuwa neema imetoka kwa Mola, ulimi umsifu, na viungo viitumie neema katika yanayomridhisha. Katika Suratu Ibrahim, aya ya 7, Mwenyezi Mungu ametuahidi nyongeza tukishukuru na ametuonya tukikufuru neema. Na katika Suratul An'am, aya ya 141, ametuamrisha kula matunda ya mashamba, kutoa haki yake siku ya kuvunwa, na kutofanya israfu. Tazameni mambo matatu yalivyokusanywa katika aya moja: kula, kutoa na kujizuia. Karamu isiyo na haya matatu huwa ni shibe tu.

NANI ALIYECHUMA?

Sasa tuingie katika jambo zito. Ukipita Merigi asubuhi utawaona wachumaji wamefunga vikapu mgongoni, wanachagua majani mawili na chipukizi lake, na kilo nne na ushei za majani hayo mabichi ndizo zinazotoa kilo moja ya chai kavu. Wengi wa wachumaji hao katika mashamba madogo ni wanawake. Hata hivyo namba ya mkulima kwa kawaida imesajiliwa kwa jina la mwenye shamba, naye mara nyingi ni mume, na bonasi huingia katika akaunti yake. Mke aliyechuma mwaka mzima husikia habari ya bonasi kwa jirani.

Ndugu zangu wanaume, katika Suratun Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametueleza kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mali ya mke ni yake. Chakula, mavazi na makazi ni wajibu wa mume, hata mke akiwa tajiri kumshinda. Mke akisaidia, hiyo ni ihsani yake na ana thawabu, wala si deni juu yake.

Wanazuoni wamelizungumza kwa urefu suala la mke afanyaye kazi katika shamba la mumewe bila ya kupatana ujira. Wako waliosema kuwa asiyeshurutisha ujira hana dai, na wako waliotazama desturi za watu na hali halisi. Katika karne ya 16, Ibn Ardun, kadhi wa Kimaliki kaskazini mwa Moroko, aliulizwa kuhusu wanawake wa milima ya Ghumara waliokuwa wakilima na kuvuna pamoja na waume zao. Akatoa fatwa kuwa wana fungu katika mazao kwa kadiri ya juhudi yao. Miaka zaidi ya 400 imepita, na wanawake wa milima ya Bomet wanafanya kazi ile ile.

Basi ushauri wangu ni kuondoa utata kabla haujaingia. Mume na mke wakae mwanzoni mwa mwaka wa chai, mwezi wa Julai, wakubaliane. Mchumaji wa kuajiriwa hulipwa kwa kilo. Basi kilo za mke ziandikwe vivyo hivyo katika daftari. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuhimiza kuandika madeni baina yetu, na kuandika huko ni kinga ya mapenzi, si dalili ya kutoaminiana. Ndoa nyingi zinazoletwa mbele ya masheikh na makadhi hazikuvunjwa na umaskini. Zilivunjwa na fedha ambazo mmoja alijua zimekwenda wapi na mwenziwe hakujua. Ikiwa mume ataleta pilau na soda siku ya shukrani ilhali aliyechuma hajui bonasi ilikuwa kiasi gani, karamu hiyo imejengwa juu ya dhulma, na wapishi wake watakuwa ni wale wale waliodhulumiwa.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Mtu wa kwanza wa kushukuriwa katika nyumba ya chai ni yule ambaye vidole vyake vimegeuka rangi kwa utomvu wa majani.

KUIPANGA BONASI

Tuchukue mfano wa nyumba ya watu saba iliyopokea bonasi ya shilingi 60,000. Huu ni mfano wa hesabu tu. Kila nyumba iweke idadi yake na kufuata mpango uo huo.

Madeni, ya dukani na ya chama cha akiba na mikopo: shilingi 15,000.
Karo, sare na vitabu vya Januari: shilingi 18,000.
Haki ya aliyechuma: shilingi 9,000.
Shamba, yaani palizi, kupogoa na matengenezo: shilingi 6,000.
Akiba ya ukame na maradhi: shilingi 6,000.
Sadaka: shilingi 2,000.
Karamu ya shukrani: shilingi 4,000.

Deni limetangulia kwa sababu ni haki ya watu, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akilihofia hata katika swala ya jeneza. Karo imefuata kwa kuwa Oktoba haiko mbali na Januari, na mzazi anayeikumbuka Januari mwezi wa Oktoba huepukana na mikopo ya simu yenye riba. Ama akiba, kila mkulima wa Bomet anajua kwamba mwanzo wa mwaka jua huwa kali, mvua hukatika, majani hupungua kituoni na malipo ya mwezi hupungua pamoja nayo. Isipowekwa akiba mwezi wa neema, duka ndilo litakalolisha nyumba mwezi wa jua, na deni litazaliwa upya.

Karamu imepewa shilingi moja katika kila 15. Wako watakaosema ni kidogo. Suratul Furqan, aya ya 67, imewasifu wasiofuja wala kubana, bali hushika njia ya katikati. Nyumba isiyowafurahisha watoto hata siku moja kwa riziki waliyoihangaikia imebana, na nyumba inayochinja mbuzi watatu ili isemwe, kisha mtoto akarudishwa nyumbani Januari kwa karo, imefuja.

Mpango huu usomwe mbele ya watoto wakubwa. Mtoto wa miaka 12 akiona kwa macho yake kuwa 60,000 si nyingi zikishagawanywa, hatalia kudai simu mpya, na huenda akajifunza hesabu asiyofundishwa darasani.

MEZA YA SHUKRANI

Shilingi 4,000 zinatosha kulisha watu 15, wenye nyumba na wageni, ikiwa mpishi atatumia akili. Kwa bei za mfano: kuku wawili wa kienyeji, shilingi 1,800, mchele kilo mbili na nusu, shilingi 450, vitunguu, nyanya, mafuta na viungo, shilingi 600, maziwa lita tano, shilingi 300, unga na sukari ya mahamri, shilingi 400, matunda, shilingi 250. Hiyo ni 3,800, na 200 zilizobaki ni za karatasi, uzi na rangi za watoto, ambazo tutazitaja punde. Viazi, kabichi, sukumawiki, maharagwe na managu hutoka shambani.

Kuku anunuliwe hai na achinjwe nyumbani kwa jina la Mwenyezi Mungu. Katika eneo ambalo Waislamu ni wachache hilo huondoa shaka, na kijana wa kiume hupata kujifunza adabu za kuchinja: kisu kikali, mnyama asioneshwe kisu, wala asichinjwe mbele ya mwenziwe.

Mpishi aliyetoka pwani anahitaji tahadhari moja. Katika kimo cha mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharagwe ya Bomet hukaa jikoni muda mrefu, na kuku wa kienyeji huwa mgumu ukimpikia saa za Mombasa. Basi achemshwe kwanza peke yake kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka alainike, na supu yake isitupwe. Vitunguu vikaangwe taratibu hadi viwe vyekundu, kisha zifuate bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, halafu nyama. Supu ile ndiyo ipikiwe mchele, na sufuria ifunikwe vyema, moto uwe mdogo. Ladha ya pilau imo katika supu na vitunguu, wala si katika wingi wa nyama.

Pembeni ya pilau kiwekwe chakula cha wenyeji, na hili nalisisitiza kwa mabinti zetu walioolewa huko. Ugali wa wimbi, ambao Wakipsigis huuita kimyet, ni chakula cha heshima. Managu yaliyopikwa kwa maziwa huwapendeza hata wasioyazoea. Na kuna mursik, maziwa yaliyochemshwa, yakapozwa na kutiwa katika kibuyu kilichopakwa ndani unga wa mkaa wa mti maalumu, kisha yakaachwa siku kadhaa yagande. Maziwa ya mgando ni halali maadamu hayaleweshi. Mke wa pwani anayejua kuandaa mursik kwa wakwe zake ameshawaheshimu kabla hajatamka neno.

Jamaa wa pwani wanaopanda kwenda kuwatembelea wasiende mikono mitupu, wala wasinunue zawadi za madukani. Nazi nne, chupa ya achari, tende na kipande cha halua kinazidi thamani ya keki ya duka la mjini. Wakishuka, wapewe viazi, mahindi na majani ya chai. Wazee wetu waliishi kwa kupeana namna hii, na hapakuwa na mwenye kuona kuwa amekwenda kuombaomba.

Chakula kikibaki kisitupwe. Kabla ya kupakua, mama atenge sahani za watu watatu: jirani mgonjwa, mzee anayeishi peke yake, na mchumaji aliyesaidia shambani. Sahani hizo zitoke kwanza, wala zisiwe za mabaki.

KAZI ZA MIKONO

Katika Suratu Saba', aya ya 13, jamaa wa Nabii Daudi (A.S.) waliamrishwa kutenda kwa kushukuru. Na Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa Daudi, pamoja na ufalme wake, alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake. Wafasiri wameitaja kazi hiyo kuwa ni kufua deraya. Basi mkono unaotengeneza kitu ni sehemu ya shukrani, na watoto wapewe nafasi yao siku hiyo badala ya kuachiwa simu.

Kazi ya kwanza ni karatasi ya chai. Majani yaliyokwisha kutumika yachemshwe tena hadi maji yawe meusi, yapoe, kisha karatasi nyeupe zichovywe kwa dakika chache na kuanikwa kivulini. Zikikauka hupata rangi ya kahawia kama nyaraka za kale. Watoto waandike juu yake kwa hati nzuri ya Kiarabu neno la kumhimidi Mwenyezi Mungu, na majina ya watu wanaowashukuru mwaka huu. Lililo na jina la Mola litundikwe ukutani mahali pasafi, wala lisiandikwe katika kitu kitakachotupwa au kukanyagwa. Vitambaa vya pamba navyo hushika rangi hiyo, na mama anaweza kutengeneza kitambaa cha meza bila ya gharama.

Kazi ya pili ni ukili. Bibi wa pwani apeleke miyaa iliyokwisha kutiwa rangi na awafundishe wajukuu kusuka, kuanzia utepe mwembamba hadi kawa la kufunikia chakula. Mtoto anayekulia Bomet huenda asipate tena pa kuujifunza ufundi huu. Naye bibi wa Kikipsigis awafundishe kupamba kibuyu kwa shanga. Vitu hivyo viwili vikiwekwa kwenye jamvi moja, mtoto aliyezaliwa na makabila mawili huona kuwa hakugawanyika nusu kwa nusu, bali amerithi mara mbili.

Kazi ya tatu ni mkebe wa shukrani. Wiki nzima kabla ya siku ya karamu, kila mmoja baada ya swala ya Isha aandike katika kipande cha karatasi neema moja ya siku ile. Siku ya karamu visomwe kwa sauti. Wazazi watashangaa kusikia kwamba mtoto hakuandika nguo wala nyama, bali aliandika siku ile baba alipomsubiri getini.

HAKI YA MASIKINI NA YA JIRANI

Je, chai ina zaka? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu pwani, zaka ya mazao hutolewa katika chakula kikuu kinachowekwa akiba, kama mahindi na mtama, na chai haimo. Imamu Abu Hanifa ameona kuwa kinachooteshwa na ardhi kwa kukusudiwa kina zaka. Afuataye rai ya kwanza asidhani ameepuka: fedha za bonasi zikibaki, zikafika kiwango cha nisabu na kupitiwa na mwaka wa Kiislamu, zina zaka ya asilimia 2.5. Na mahindi ya shamba hilo hilo yakifika nisabu yana zaka siku ya kuvunwa. Sadaka ya hiari haina kiwango wala haihitaji kungoja.

Ama jirani asiye Muislamu, haki yake ya ujirani imethibiti. Sahaba Abdullah bin Amr alichinja mbuzi nyumbani kwake, akawauliza watu wake kama wamempelekea jirani yao Myahudi. Basi majirani wa Merigi waalikwe, wale pilau, nasi tukubali maziwa na mboga zao, tukijihadhari na pombe na nyama isiyo halali kwa maneno ya adabu. Wakituita katika furaha zao za mavuno, twende kwa ujirani, na ibada tuwaachie wenyewe. Neno la shukrani kwa lugha yao ni kongoi. Mtoto wa Kiislamu anayesema kongoi kwa bibi aliyempa kibuyu cha maziwa ametekeleza mafunzo ya Mtume wake.

WASIA

Siku yenyewe isiwe na mambo mengi. Asubuhi swala ya Dhuha, kisha jikoni na kazi za watoto. Baada ya Adhuhuri mume asimame mbele ya wote, ataje bonasi ilikuwa kiasi gani na imegawanywaje, na amkabidhi aliyechuma haki yake kwa mkono wake mwenyewe. Kisha iombwe dua, na watu wale.

Jambo hilo moja la kukabidhi haki hadharani, laweza kuwa gumu kuliko kazi zote za siku hiyo, nalo ndilo litakaloipa karamu maana. Na nyumba za pwani zisizo na shamba la chai zina bonasi zao: mshahara wa mwezi wa 12, faida ya msimu wa wageni, mavuno ya nazi na korosho, mgao wa chama cha akina mama. Mpango ni ule ule, na swali ni lile lile: nani aliyechuma, na je, amepata haki yake?

Ewe Mola wetu, tujaalie katika wenye kushukuru kwa nyoyo, kwa ndimi na kwa matendo. Wabarikie wanaochuma katika baridi na wanaochukua katika joto, na uzifanye nyumba zetu kuwa za uadilifu kabla ya kuwa za shibe. Amin.

Wabillahi tawfiq.